Mbwa wa Vichakani: Mbegu Safi au Chotara?

Katika msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki ya Kongo, mtu aliyesimama hatua kumi kutoka kwa mwenzake aghalabu hamwoni. Majani yamefungamana, mitambaazi imeshonana na vichipukizi, na mwanga wa jua hufika chini vipande vipande. Waefe, ambao ni mojawapo ya jamii za Wambuti, huwinda humo kwa pinde. Wanaume hukizunguka kichaka upande mmoja, kila mtu mahali pake, kimya kabisa. Upande wa pili huingia mtu mmoja na mbwa. Mbwa mwenyewe habweki. Kinachosikika ni mgongano wa kengele ya mti iliyofungwa shingoni mwake: inaelekea kushoto, inarudi kulia, inanyamaza kidogo, kisha ghafla inakwenda mbio. Hapo kila mwenye upinde hutambua kwamba paa ameinuka, na hutambua pia upande anaokimbilia.

Mbwa wa namna hiyo ndiye aliyepelekwa Ulaya na kuitwa Basenji. Jina hilo ni ndugu wa neno la Kiswahili "washenzi", nalo halikutolewa kwa heshima. Kimo chake begani ni kama sentimita 40 hadi 43, na uzito wake kilo 10 au 11. Ana manyoya mafupi, masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni. Huko Ulaya amekuwa mbwa wa maonyesho. Katika misitu ya Kongo ni chombo cha kazi. Mwalimu wa elimu-viumbe anaweza kumtumia kufundishia mambo mengi, kwa sababu mbwa huyu amechunguzwa na wanasayansi kuliko mbwa wengi wa Afrika, na kwa sababu swali la mwindaji ni swali lile lile la mfugaji wa ng'ombe au kuku: je, afuge mbegu safi au achanganye?

Kabla ya kulijibu, hapana budi kuuliza kichaka chenyewe kinadai nini.

Jambo la kwanza ni kwamba macho hayana faida kubwa. Saluki, mbwa wa Waarabu ambaye hata leo hufugwa Oman na katika nchi za Ghuba, huwinda kwa kuona. Jangwani humwona sungura akiwa mbali, naye humfukuza mpaka amchoshe. Miguu yake mirefu na kifua chake kirefu vimeumbika kwa kazi hiyo. Mlete mbwa huyo katika vichaka vya Itigi, wilayani Manyoni, ambako miti midogo yenye kimo cha mita 3 hadi 5 imesongamana kama ua, na mbio zake zote zitakuwa bure. Atampoteza mnyama baada ya kuruka mara mbili, na huenda akajichana vibaya. Vichakani mbwa huongozwa na pua, kisha masikio, na macho huja mwisho. Pua nayo ina saa zake. Asubuhi, hewa ikiwa tulivu na yenye unyevu, harufu hulala chini karibu na majani. Kufikia adhuhuri ardhi imepata moto, hewa inapanda, na harufu hutawanyika.

Jambo la pili ni ukubwa wa mwili, na hapa wanafunzi wanaweza kuchukua kalamu. Tuseme kuna mbwa wawili wenye umbo moja, mmoja wa kilo 10 na mwingine wa kilo 40. Joto hutengenezwa na mwili mzima, lakini hutoka kupitia nje ya mwili. Uzito wa mkubwa ni mara 4 ya uzito wa mdogo. Eneo la ngozi yake, hata hivyo, halikuongezeka mara 4 bali mara 2.5 hivi, kwa kuwa eneo hukua kwa mraba wa urefu wakati uzito hukua kwa mchemraba wake. Kwa hiyo kila kilo ya mbwa mkubwa ina ngozi pungufu kwa zaidi ya theluthi moja ikilinganishwa na kila kilo ya mbwa mdogo. Zaidi ya hayo, mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu, ila kidogo tu nyayoni. Hujipoza hasa kwa kuhema huku ulimi ukiwa nje. Katika kichaka kisicho na upepo na chenye hewa nzito ya unyevu, kuhema huko hakusaidii sana. Joto la kawaida la mbwa ni kama digrii 38.5 za Selsiasi. Likipita 41 maisha yake yamo hatarini. Si ajabu basi kwamba mbwa wa misituni ni wadogo. Tena mdogo hupenya pale ambapo mkubwa hulazimika kuzunguka.

Kuhusu manyoya hakuna jibu moja. Manyoya marefu huikinga ngozi na miiba, lakini hunasa mbegu za majani, huwaficha kupe na kuzuia joto lisitoke. Masikio yanayoning'inia hubaki na unyevu ndani, na vidonda vya masikio huwa havikomi. Katika nchi za joto kasoro hizo hushinda faida.

Waingereza nao wana vichaka vyao, vya miiba na vya baridi, na jibu walilolipata ni spanieli. Aina ya Cocker, iliyotambuliwa rasmi huko mwaka 1892, ilipata jina lake kutokana na ndege wa vichakani aliyekuwa akiwindwa naye. Kazi ya spanieli ni kupekua kichaka karibu na bwana wake, asivuke umbali ambao bunduki ya marisau inaweza kufika, na kumrusha ndege. Miongoni mwa spanieli yumo mmoja, wa Sussex, ambaye hubweka akiwa kazini. Kwa mbwa wengine wa jamii hiyo kelele kama hiyo huhesabiwa kuwa kosa. Kwake imekuwa sifa, kwa sababu katika nchi yenye vichaka vizito mwindaji hujua kwa sauti mbwa yuko wapi.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Sussex na Ituri zimekabiliwa na tatizo moja, yaani namna ya kumfuata mbwa asiyeonekana. Huko sauti imewekwa ndani ya mbwa kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Huku imefungwa shingoni kwa kamba. Njia ya kengele ina ubora mmoja ambao hausemwi mara nyingi: inaweza kuvuliwa.

Uchaguzi hutegemea pia mnyama anayewindwa. Kwa kanga na kwale anafaa mbwa anayepekua karibu. Paa wadogo wa msituni, ambao wengine hawazidi kilo 5 au 6, huhitaji mbwa wa kuwaondoa walikojificha na kuwasukuma taratibu kuelekea kwa wawindaji. Nguruwe mwitu ni habari nyingine. Yeye hugeuka akapigana, na mbwa anayetakiwa ni yule anayejua kumzuia kwa kelele akiwa nje ya upeo wa meno. Mbwa jasiri anayerukia moja kwa moja hupasuliwa tumbo, na ujasiri huo haumfaidii mwenyewe wala bwana wake.

Sasa mtu anaweza kuwaza hivi: kwa nini asichukuliwe Basenji, mwepesi, mvumilivu wa joto na asiyebweka ovyo, akapandishwa na Cocker, mpole na msikivu, ili apatikane mbwa mwenye mema ya pande zote mbili? Wazo hilo linavutia. Bahati nzuri lilijaribiwa, ingawa si kwa ajili ya uwindaji. Katika maabara ya Jackson iliyoko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, John Paul Scott na John L. Fuller walichunguza urithi wa tabia za mbwa kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1965 wakatoa kitabu juu ya kazi hiyo. Walitumia aina tano za mbwa, na wawili kati yao, Basenji na Cocker, walipandishwa wao kwa wao. Kisha machotara walipandishwa tena, wengine kwa wazazi wao wa mbegu safi na wengine kati yao wenyewe.

Matokeo yake yanafaa kusomwa na kila anayetaka kuchanganya wanyama. Watoto wa Basenji wenye umri wa wiki tano walionyesha woga mkubwa mbele ya watu. Wa Cocker hawakuonyesha sana. Machotara wa kizazi cha kwanza walifanana na Basenji: woga ulielekea kuwa na nguvu juu ya upole. Katika kubweka mambo yalikuwa kinyume. Basenji ana uwezo wa kubweka, lakini huhitaji kuchokozwa sana. Cocker hubweka kwa sababu ndogo. Machotara walikuwa wepesi wa kubweka kama Cocker. Kwa maneno mengine, mtu aliyetarajia mbwa mtulivu na mpole alipata, katika kizazi cha kwanza, mbwa mwoga na mwenye kelele.

Je, upungufu huo unaweza kurekebishwa? Kwa kurahisisha hesabu, tuchukulie kwamba kila tabia inatawaliwa na jozi moja tu ya jeni. Jeni ya woga, W, ina nguvu kuliko w ya upole. Jeni ya kubweka, B, ina nguvu kuliko b ya ukimya. Basenji ni WWbb, Cocker ni wwBB, na kila chotara wa kwanza ni WwBb. Mwindaji anamtafuta wwbb. Akimrudisha chotara kwa Cocker, nusu ya watoto watakuwa wapole, lakini wote watabweka. Akimrudisha kwa Basenji, nusu watakuwa kimya, lakini wote watakuwa waoga. Hata azae mia kwa njia hizo mbili, hatampata anayemtaka katika kizazi hicho. Njia iliyobaki ni kupandisha chotara kwa chotara, na huko wwbb hutokea mara 1 kati ya 16. Kwa uzao wa watoto sita, uwezekano wa kupata angalau mmoja ni kama theluthi moja tu. Yaani mbwa majike watatu wanaweza kuzaa watoto kumi na wanane, na mwindaji akaambulia mmoja, huku akiwalisha wengine kumi na saba. Nayo hesabu hiyo ni ya tabia mbili peke yake. Bado hazijatajwa pua, miguu, ngozi wala moyo wa kazi. Tabia halisi hutegemea jeni nyingi zaidi, na mambo huzidi kuwa magumu.

Hapa ndipo wafugaji wengi hukosea. Chotara wa kizazi cha kwanza aghalabu ni mnyama mzuri: hufanana na ndugu zake, ana afya, hukua upesi. Mwenye naye hufurahi, akampandisha kwa chotara mwenzake, akitarajia kupata wengine kama yeye. Kizazi cha pili hutawanyika. Mmoja anafanana na babu, mwingine na bibi, na mwingine hafanani na mtu yeyote. Kosa si la mbwa. Jeni zilizofichika katika kizazi cha kwanza zimekutana.

Kuna mbwa aliyetokana na mchanganyiko akafanikiwa, naye ni yule mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, aitwaye Rhodesian Ridgeback. Wazungu wa kusini mwa Afrika walichanganya mbwa wao na mbwa wa Wakhoikhoi, na mwaka 1922 huko Bulawayo zikaandikwa sifa za mbwa anayetakiwa. Mstari ule ulitoka kwa mbwa wa kienyeji, na jeni yake ina nguvu. Mwaka 2007 ilifahamika kwamba chanzo chake ni kipande cha kromosomu kilichojirudia. Mbwa wanaokipata kutoka kwa baba na kwa mama pia wamo katika hatari zaidi ya kuzaliwa na tundu lenye kasoro kwenye ngozi ya mgongo, linaloweza kufika hadi karibu na uti. Kwa vyovyote, kwa uzito wa kilo 30 na zaidi, yeye ni mbwa wa nyika iliyo wazi kiasi kuliko wa kichaka kilichofungamana.

Mbegu safi nayo ina gharama yake, na habari za Basenji zinaonyesha hivyo waziwazi. Wale wa kwanza waliofikishwa Uingereza mwaka 1895 walikufa kwa ugonjwa wa distempa. Waliofika katika miaka ya 1930 walizaa, na mwaka 1937 walionyeshwa hadharani London, wakawa kivutio. Lakini mbwa waliopelekwa Ulaya na Marekani walikuwa wachache mno, na vizazi vilivyofuata vilipandishwa kati ya jamaa na jamaa. Katika hali hiyo kasoro iliyojificha hujitokeza. Ulizuka ugonjwa wa upungufu wa damu wa kurithi, na mwingine wa mafigo uitwao Fanconi, ambapo sukari na madini ambavyo vingerudishwa katika damu hupotea kwa mkojo. Fanconi hujitokeza aghalabu mbwa akiwa mtu mzima, pengine baada ya kuzaa mara kadhaa, kwa hiyo haikuwa rahisi kumwondoa mgonjwa mapema. Kipimo cha jeni cha kuwatambua wenye kasoro hiyo kilipatikana mwaka 2007.

Kabla ya hapo wafugaji wa Marekani walikuwa wamekwisha kuamua kurudi kwenye chanzo. Mwaka 1987 na 1988 walikwenda Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, wakachukua mbwa vijijini. Na mwaka 1990 chama chao cha kusajili mbwa kilifungua daftari lake ili damu hiyo mpya iingie. Inafaa kuikumbuka safari hiyo kila mara mtu anapomdharau mbwa wa kienyeji. Akiba iliyokuwa imekwisha kwenye mabanda ya kifahari ilikuwa bado ipo vijijini, bila vyeti.

Akiba hiyo haihusu mafigo peke yake. Vichaka ndivyo makao ya aina nyingi za mbung'o, na mbwa anayeingia humo huumwa nao. David Bruce, aliyefanya kazi Ubombo huko Zululand kuanzia mwishoni mwa mwaka 1894, ndiye aliyegundua vimelea vya nagana. Ugonjwa huo haumwachi mbwa salama: hupata homa, hukonda, na macho yake huingia ukungu wa rangi ya maziwa. Asipotibiwa aghalabu hufa, na mbwa mgeni hufa upesi zaidi. Uchunguzi wa urithi wa mbwa wa Afrika, hasa wa Nigeria, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba baadhi ya jeni zao zinazohusika na kinga ya mwili zina alama za kuchujwa na magonjwa ya nchi za joto kwa muda mrefu. Haina maana kwamba mbwa wa kienyeji hawezi kuugua. Maana yake ni kwamba wengi walioshindwa walikwisha kufa zamani, nao hawakuacha watoto.

Kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki anayetaka mbwa wa kazi hiyo angefanya vema kuanza na mbwa wa kienyeji wa mahali pake. Akitaka kuongeza sifa fulani kutoka nje, na achukue dume mmoja aliyepimwa na kuonekana kazini, ampandishe kwa majike wa kienyeji, na awatumie machotara wa kizazi cha kwanza bila kutarajia kwamba watazaa mfano wao.

Hata hivyo jina la mbegu si dhamana. Mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi wa mbwa zaidi ya 18,000 wa Marekani, nao ulionyesha kwamba aina ya mbwa hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Scott na Fuller walikuwa wameona jambo linalokaribiana na hilo: ndani ya aina moja tofauti ni kubwa. Waliona pia kwamba wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili ya maisha ya mtoto wa mbwa ina uzito wa pekee. Watoto wa Basenji waliokuwa waoga wakiwa na wiki tano walipungukiwa na woga huo kadiri walivyozoeshwa watu. Woga ambao jeni zimeuleta unaweza kupunguzwa na mikono ya watoto wa nyumbani, ilimradi wasichelewe.

Lipo pia suala la sheria. Mbwa anayefaa vichakani anafaa kupita kiasi. Katika misitu ya milima ya Kenya bongo, swala mkubwa mwenye mistari myeupe, ana desturi ya kusimama na kuwakabili mbwa badala ya kukimbia. Desturi hiyo humfaa mbele ya chui. Mbele ya mbwa wanaofuatwa na watu wenye mikuki humwangamiza. Wawindaji wa Mau na Aberdare walilijua hilo, na mbwa wamehesabiwa miongoni mwa sababu zilizompunguza bongo wa milimani mpaka waliobaki porini hawafiki 100. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania hairuhusu kuwinda bila leseni. Mwenye mbwa wa namna hii hana budi kuijua sheria ya mahali pake kabla ya kumfungua kamba.

Aliyekwisha kuyatimiza hayo, na kumchanja mbwa wake dhidi ya kichaa na distempa, anaweza kuchagua kwa njia iliyo rahisi. Na aende akamwone mama akifanya kazi, wala asitosheke na kusimuliwa. Akirudi, awatazame watoto wakiwa na wiki saba au nane, mmoja mmoja, mbali na ndugu zao, penye majani marefu. Kipande cha nyama kifichwe majanini. Yupo atakayelia na kurudi alikotoka. Yupo atakayetazama mkono wa mtu na kungoja. Anayetafutwa ni yule atakayeinamisha pua, ajipenyeze ndani mpaka majani yamfunike, na aendelee kutafuta hata asipoonekana tena.